Kikosi cha Alhamisi Jioni: Dhana Potofu za Mashabiki kuhusu Uteuzi wa Wachezaji katika Kandanda ya Australia

Katika msimu wa AFL, ligi kuu ya kandanda ya kanuni za Australia, vikosi vya mwisho wa juma hutangazwa kwa kawaida Alhamisi jioni, na kabla jina la mwisho halijasomwa ubishi huwa umekwishapamba moto, Melbourne, Adelaide, Perth na popote penye mashabiki wa mchezo huo. Hawabishanii orodha nzima. Ubishi wote huwa juu ya majina mawili au matatu, ya walioingizwa na walioachwa, na mara nyingi shabiki na kamati ya uteuzi huwa hawajibu swali moja. Shabiki huuliza ni nani mchezaji bora zaidi. Kamati huuliza ni kazi gani haina mwenyewe juma hili, na ni mwili upi utakaoweza kuifanya hadi kipenga cha mwisho.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, yafaa kueleza kidogo. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani na wengine watano benchi, katika uwanja wenye umbo la yai, na mchezo una robo nne za dakika 20 ambazo, kwa kuwa saa husimamishwa mara kwa mara, kila moja hukaribia nusu saa. Hakuna kuotea, kwa hiyo mchezaji yeyote anaweza kwenda popote. Mpira hupigwa kwa mguu au hupitishwa kwa ngumi. Goli lina pointi 6, na mkwaju unaopita pembeni, kati ya nguzo ya ndani na ya nje, una pointi 1.

“Wapangwe walio bora, mambo yaishe”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Inadhani kwamba wachezaji wote wa klabu wanaweza kupangwa katika ngazi moja, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na kwamba kuteua kikosi ni kukata mstari chini ya jina la ishirini na tatu.

Fainali kuu ya 2023 inatosha kuonyesha jinsi isivyo hivyo. Collingwood ilimpoteza mshambuliaji wake mrefu, Daniel McStay, aliyeumia goti katika mchezo wa mwisho kabla ya fainali hiyo. Aliyeingizwa badala yake ni Billy Frampton, jina ambalo mashabiki wachache sana wangeliweka juu katika orodha zao. Hata hivyo, wapinzani wao, Brisbane, walikuwa na beki anayeitwa Harris Andrews, mrefu, hodari wa kusoma mwendo wa mpira na kuudaka kabla haujawafikia washambuliaji. Ukimwacha Andrews huru, kila shambulizi lako hufia mikononi mwake. Frampton alipewa kazi ya kumshughulisha, kumsogeza mbali na njia ya mpira na kumnyima nafasi ya kuruka akiwa peke yake. Kazi ya namna hiyo haionekani katika orodha ya wafungaji. Collingwood ilishinda kwa pointi 90 kwa 86, na katika mchezo ulioamuliwa kwa tofauti ya pointi 4 tu, sioni jinsi mtu anavyoweza kusema kwa uhakika kwamba mfungaji mahiri zaidi angefaa kuliko yeye.

Ndani ya dhana hii imejificha nyingine, ya takwimu. Mashabiki hupenda kuhesabu mara ambazo mchezaji amepiga mpira au kuupitisha, na aliyefikisha mara 30 huonekana hawezi kuguswa. Hesabu yenyewe ni ya kweli, lakini haimpi sifa yoyote beki aliyeshinda uwanjani akiupangua mpira kwa ngumi kabla mshambuliaji hajaudaka, wala haisemi kama pasi hizo 30 zilikwenda mbele au zilirudi nyuma. Mchezaji wa pembeni anayekimbia mita mia moja ili kuziba pengo ambalo mpira haukufika kabisa, katika takwimu hiyo hakufanya lolote.

“Jina kubwa lililopona nusu ni bora kuliko jina dogo lililo zima”

Hapa ndipo mapenzi huwapofusha watu zaidi, nami nakiri kwamba ndipo uteuzi unapokuwa mgumu kweli, kwa sababu hata madaktari hufanya makadirio.

Mwaka 2022 Sydney na Geelong zilifika fainali kuu zote mbili zikiwa na swali la namna moja. Sam Reid, mchezaji mrefu na mzoefu wa Sydney, alikuwa ameumia kinena katika mchezo uliotangulia. Max Holmes, kijana mwenye mbio wa Geelong, alikuwa ameumia misuli ya nyuma ya paja. Sydney iliamua kumpanga Reid. Geelong ilimwacha Holmes, ingawa alikuwa amecheza vizuri sana mwaka ule, na kumwingiza Mark O'Connor, Mwairishi aliyekulia katika mchezo wa jadi wa kwao kabla ya kuhamia Australia. Reid alitolewa katika robo ya tatu, na Geelong ikashinda kwa pointi 133 kwa 52. Ingekuwa uongo kudai kwamba tofauti ya pointi 81 ilitokana na msuli wa mtu mmoja, kwa maana Sydney ilizidiwa kila mahali. Lakini aliyechoka au kuumia mapema huwaachia wenzake mbio zake, na katika uwanja mpana kama wa MCG, ule wa fainali kuu jijini Melbourne, deni hilo hulipwa na wote.

Fainali kuu ya 2016 ilikuwa na walioachwa wenye kuhuzunisha zaidi. Western Bulldogs, ambao hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1954, walicheza bila nahodha wao Bob Murphy, aliyekatika kano ya goti mwanzoni mwa msimu. Walipoishinda Sydney kwa 89 kwa 67, kocha Luke Beveridge alimwita Murphy jukwaani na kumvika medali yake mwenyewe ya kocha bingwa. Upande wa pili, Sydney ilimkosa Aliir Aliir, beki aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, katika familia ya Sudan Kusini; naye alizuiwa na goti. Miaka mitano baadaye, akiwa Port Adelaide, Aliir aliteuliwa katika kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima, kwa ustadi uleule wa kudaka mipira ya wapinzani unaompa sifa Andrews.

Kuna jeraha moja ambalo halina mjadala kabisa, ingawa mashabiki huendelea kulijadili. Tangu 2021, mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hawezi kurudi uwanjani kabla ya siku 12 kupita, na hata hapo ni lazima avuke kila hatua ya uchunguzi. Kwa ratiba ya mchezo mmoja kwa juma, maana yake kwa kawaida ni kukosa mchezo unaofuata. Mchezaji anaweza kusema anajisikia mzima, kocha anaweza kumhitaji, mashabiki wanaweza kumwona akifanya mazoezi na kuuliza kwa nini ameachwa. Jibu limeshaandikwa katika kanuni.

“Kikosi kinachoshinda hakibadilishwi”

Msemo huu una busara yake, kwani wachezaji waliozoeana huelewana bila maneno. Kosa ni kuufanya sheria. Mwaka 2010, fainali kuu kati ya Collingwood na St Kilda ilimalizika sare ya 68 kwa 68, na kwa kanuni za wakati ule ilibidi irudiwe juma lililofuata. Collingwood haikuwa imepoteza mchezo, lakini ilimwacha Leon Davis, mmoja wa wachezaji wake wenye vipaji vikubwa, na kumwingiza Tyson Goldsack. Goldsack ndiye aliyefunga goli la kwanza la mchezo wa marudio, na Collingwood ikashinda 108 kwa 52.

Ndugu wa karibu wa dhana hiyo ni ile inayosema kwamba fainali kuu si mahali pa kumjaribia mgeni. Richmond ilikuwa na hoja hiyo mezani mwaka 2019, Jack Graham alipoumia bega. Iliyemchagua ni Marlion Pickett, mwenye umri wa miaka 27, aliyesajiliwa katikati ya msimu uleule kutoka South Fremantle na ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa AFL. Tangu 1952 hakuna mchezaji aliyekuwa ameanza maisha yake ya ligi kuu katika fainali kuu. Pickett alifunga goli, Richmond ikaishinda Greater Western Sydney kwa tofauti ya pointi 89, na wale waliouita uteuzi huo kamari wakaanza siku iliyofuata kuuita uteuzi wa wazi.

Haukuwa kamari, wala haukuwa wa wazi. Juma moja kabla yake Pickett alikuwa mchezaji bora wa uwanja katika fainali ya VFL, ligi ya chini ambamo Richmond ilikuwa na kikosi chake cha akiba, na alikuwa akicheza huko kwa mfumo uleule wa timu kubwa. Hili hutofautiana na madai ya kila juma kwamba fulani apandishwe kwa sababu amepiga pasi 35 katika ligi ya akiba. Mchezaji wa kati anayetawala huko huenda akakuta viungo watatu bora kuliko yeye wakimsubiri juu, ilhali pengo lililopo ni la beki. Kinachopimwa ni kama amefanya kwa uhodari kazi ileile itakayomsubiri.

“Ameanzia benchi, basi ameshuka thamani”

Fikra hii imetoka katika soka, au katika kandanda hii ilivyokuwa kabla ya 1978, wakati mchezaji aliyetolewa hakuweza kurudi. Siku hizi walio benchi hupishana na wenzao mchezo mzima, na wachezaji wa kati wenye majina makubwa hukaa hapo mara kadhaa kila siku ya mchezo, kwa kuwa hakuna awezaye kukimbia kasi ile saa mbili bila kupumzika. Ligi iliweka kikomo cha kupishana: mara 120 kwa timu mwaka 2014, kisha 90 mwaka 2016, na 75 tangu 2021. Kikomo hicho kimebadilisha hesabu ya uteuzi. Anayeweza kukaa uwanjani muda mrefu bila kuomba nafuu amepanda thamani, na swali la kupanga warefu wawili wa kugombea mpira unaorushwa juu, au mmoja tu, limekuwa swali la mbio kuliko la kimo.

Hata nafasi ya mchezaji wa akiba, aliyekuwa wa ziada kwa walio benchi na kuingia mara moja tu kumpokea mwenzake, haikuwa ya wanyonge. Katika fainali kuu ya 2025, Brisbane ilimweka hapo Lachie Neale, mshindi mara mbili wa medali ya mchezaji bora wa ligi, kwa sababu kigimbi chake hakikuwa kimepona vya kutosha kumbeba mchezo mzima. Aliingia baadaye, timu yake ikashinda. Kuanzia 2026 ligi imeifuta nafasi hiyo na kuruhusu watano benchi badala ya wanne.

“Kuwapumzisha wachezaji ni kuudharau mchezo”

Neno linaloudhi mashabiki zaidi katika orodha ya walioachwa si “majeruhi” bali lile linaloonyesha kwamba mchezaji amepumzishwa tu. Aliyelipa tiketi ana haki ya kukasirika. Lakini si kweli kwamba hakuna faida. Mwaka 2015, North Melbourne ilibadilisha wachezaji tisa katika raundi ya mwisho dhidi ya Richmond, ikapoteza, kisha ikakutana na Richmond hiyohiyo katika mchezo wa kwanza wa mtoano na kuitoa. Ligi haikuipiga marufuku mbinu hiyo. Mwaka uliofuata iliingiza juma la mapumziko kabla ya michezo ya mtoano, ili kuondoa sababu ya kupumzisha watu. Waliofaidika kwanza ni walewale Western Bulldogs, waliomaliza nafasi ya saba na kupata muda wa kuwarejesha Tom Liberatore na Jack Macrae kutoka katika majeraha.

“Kocha amependa mwenyewe” na mengine madogo

Kocha ndiye hulaumiwa, na neno lake huwa zito kuliko yote, lakini uamuzi hutoka katika kikao chenye makocha wasaidizi wa kila idara, na kabla yake madaktari na wakufunzi wa mazoezi ya viungo huwa wameshapunguza majina. Wala klabu haiwezi kuziba pengo kwa kununua mtu Jumatano. Wachezaji huhama mwishoni mwa mwaka, na mlango wa katikati ya msimu, ule uliompitisha Pickett, ni mwembamba.

Vilevile, nafasi zilizoandikwa katika orodha, mistari ya watatu watatu kutoka nyuma hadi mbele, si ramani ya mchezo. Tangu 2019 kila timu hulazimika kuwa na sita nyuma, sita katikati na sita mbele mpira unapoanzishwa katikati ya uwanja, lakini ukisharushwa kila mtu huenda atakako, na makocha hawana sababu ya kumwonyesha mpinzani mipango yao siku mbili kabla. Kubishana kwamba fulani ameandikwa beki wa kulia ni kupoteza pumzi.

Hata orodha yenyewe haijakamilika Alhamisi. Chini yake huwa na majina ya wachezaji wa dharura, ambao husafiri na timu, hupasha misuli moto pamoja na wenzao, na husubiri kuona kama kuna atakayeshika paja dakika za mwisho. Asipotokea, wa dharura huvaa koti lake na kwenda kukaa jukwaani, au, ratiba ikiruhusu, huenda kucheza katika ligi ya akiba ambako hakuna aliyelibishania jina lake.