Je, wajua kwa nini chembe za kioo kwenye nguo pekee hazitoshi kumtia mtu hatiani?

Dirisha likivunjwa, si kioo chote kinachoangukia ndani. Chembe nyingine huruka kinyume na kunasa kwenye nywele na nguo za aliyelipiga. Nyingi hazifiki hata milimita moja, na nyingi hudondoka ndani ya saa chache za mwanzo. Sweta huzishika kuliko koti laini.

Maabara hupima jinsi kila chembe inavyopinda mwanga. Huitumbukiza kwenye mafuta ya silikoni chini ya hadubini, kisha mafuta hupashwa moto taratibu. Kadiri yanavyopata joto, uwezo wake wa kupinda mwanga hupungua, ilhali wa kioo haubadiliki sana. Vikilingana, kingo za chembe hutoweka machoni, na joto la wakati huo ndilo linaloonyesha kipimo. Vioo vingi vya dirisha huwa karibu na 1.52, na hapo ndipo penye shida: chembe inaweza kufanana na dirisha lililovunjwa bila kutoka kwake.

Kwa hiyo mtakwimu huuliza maswali mawili. Kama mtuhumiwa ndiye aliyevunja, uwezekano wa kukuta chembe hizi ni upi? Na kama siye? Jibu la kwanza hugawanywa kwa la pili.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni, wa chembe tatu zinazolingana. Tuseme uwezekano wa nguo kutokuwa na kioo kabla ya tukio ni 0.8, na wa chembe tatu kuruka na kubaki ni 0.06: zidisha, ni 0.048. Upande wa pili, uwezekano wa mtu asiyehusika kuwa na kundi moja la kioo (chembe zenye chanzo kimoja) ni 0.15, kundi hilo kuwa la chembe tatu ni 0.1, na kuwa na kipimo hicho ni 0.02: unapata 0.0003. Uwiano ni takriban 160.

Hiyo 160 husemwa vibaya mno mahakamani. Haimaanishi kwamba uwezekano wa mtuhumiwa kuwa ndiye aliyevunja ni mara 160 ya kutokuwa yeye. Inamaanisha ushahidi huu unatarajiwa mara 160 zaidi kama alivunja kuliko kama hakuvunja. Ushahidi mwingine bado unahitajika.

Tena namba hizo hutegemea mtu mwenyewe. Akiwa fundi wa vioo, weka 0.1 badala ya 0.8, 0.3 badala ya 0.15, na 0.4 badala ya 0.1. Chembe ni zilezile tatu, lakini uwiano unaporomoka hadi takriban 2.5.