Maganda ya Risasi kwenye Mizani ya Skrepa: Ufafanuzi kwa Wenye Yadi na Wakusanyaji wa Mwanza

Malalamiko ambayo sisi polisi tunayapokea kutoka yadi za vyuma chakavu za upande wa Igoma, Nyakato na Buhongwa yanafanana. Kiroba cha maganda ya risasi kimekutwa ndani ya mzigo, mzigo mzima umezuiliwa, na mwenye yadi anahojiwa kwa kitu alichokipima kama anavyopima koki mbovu za maji. Biashara ya skrepa ni halali na inausaidia mji, hilo hatubishani. Tunachobishana ni ile kauli ambayo kila mlalamikaji huja nayo: "Afande, si tupu haya?"

Tuanze na hesabu, maana wenye yadi ni watu wa mizani. Ganda la shaba njano la bunduki kama G3 lina gramu 11 hadi 12 hivi, karibu asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Anayekuletea kilo 20 amekuletea masalia ya risasi zaidi ya 1,600. Risasi za idadi hiyo hazipigwi na mzee anayefukuza nyani shambani Misungwi. Zimetoka kwenye uwanja wa shabaha, na uwanja wa shabaha una mwenyewe. Kama mwuzaji hawezi kukuambia ni uwanja gani na nani kamruhusu, hapo ulishapata jibu kabla hujawasha mizani.

Kwenye mafunzo ya shabaha, utaratibu wa kawaida ni kwamba risasi hutolewa kwa idadi na maganda hurudishwa kwa idadi. Anayesimamia huyalinganisha na daftari. Uwanja ukiwa wa taasisi ya umma, maganda hayo ni mali ya umma, na kuyauza kunafuata taratibu za uondoshaji wa mali za umma chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Mlinzi wa zamu au kijana aliyekwenda kufyeka nyasi hana mamlaka ya kuyauza, hata kama "kapewa na mkubwa". Ukinunua kwake ukijua au ukiwa na kila sababu ya kushuku, unaingia kwenye kosa la kupokea mali ya wizi, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha miaka 10.

Hilo ni jepesi. Zito ni pale kiroba kinapomwagwa kwenye turubai. Sisi tukikagua, tunaangalia ncha mbili: mdomo wa ganda na kitako chake. Katikati ya kitako kuna fataki, kile kiduara kidogo kinachopigwa na pini ya bunduki. Wakusanyaji wengi wanaamini kuwa fataki yenye kibonyeo maana yake risasi imeshakwisha kazi. Si kweli. Risasi iliyogoma ina kibonyeo hicho hicho, na baruti yake yote bado imo ndani. Alama ya kuaminika ni mdomo ulio wazi, ambao ukiumulika unaona mpaka chini. Ukiona kichwa bado kimeshikwa mdomoni, acha. Usikivute kwa koleo, usikigonge kwenye jiwe, usikitenge pembeni "kwa ajili ya baadaye". Waondoe watu hapo, mlango ufungwe, kituo cha polisi kilicho karibu kipigiwe simu.

Shaba njano haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 900. Fataki na baruti huwaka mapema sana kabla ya hapo. Risasi nzima ikipasuka ndani ya tanuri la mkaa haina mtutu wa kuiongoza, kwa hiyo ganda lenyewe linapasuka vipande na kutawanya makaa na shaba iliyoyeyuka, usawa wa uso wa fundi aliyeinama kuchochea. Mafundi wanaotengeneza bushi za shafti za boti wanatuambia wao huchambua kwa macho. Kuchambua vipande 1,600 kwa macho, jioni, chini ya taa moja!

Kisheria, risasi moja nzima kwenye kiroba inabadilisha jalada lote. Kumiliki risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, ambalo kifungo chake kinaanzia miaka 20 hadi 30. Wengi hawajui maana ya hapo kwa utaratibu, kwa hiyo nieleze. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa pamoja na hati ya kuipa mahakama mamlaka. Kabla ya hapo mshtakiwa anasomewa shtaka lakini hatakiwi kujibu lolote, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena. Ndugu wanakuja ofisini kutuuliza kwa nini "hamtaki kumsikiliza". Hatuna mkono hapo.

Na maganda matupu kabisa? Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayohusu udhibiti wa silaha ndogo, inalihesabu ganda kuwa sehemu ya risasi, sawa na fataki, baruti na kichwa, pale ambapo sheria ya nchi husika inataka sehemu hiyo iwe na kibali. Mwanasheria wako anaweza kuwa na hoja nzuri ya kujenga juu ya maneno hayo. Ataijenga wewe ukiwa umeshafunga yadi. Isitoshe, ganda ni ushahidi: kitakoni huwa na alama za kiwanda na mara nyingi mwaka, na mkwaruzo wa pini husaidia wataalamu kujua bunduki iliyolipiga. Ganda lililookotwa porini kuelekea Serengeti likiyeyushwa Mwanza, kesi ya ujangili inaweza kuyeyuka nalo.

Kuna vijana wanaotuonyesha video za Marekani, ambako maganda ya shabaha huuzwa wazi na watu hujaza risasi upya nyumbani. Huko ndivyo sheria zao zilivyo. Hapa kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na ganda lililojazwa gereji halichukuliwi kama mchezo wa fundi.

Jambo la sumaku nilitaje kwa kifupi. Maganda mengi ya SMG (AK-47) ni chuma kilichopakwa rangi au shaba nyembamba, na sumaku huyanasa. Wapo waliokuja kutulalamikia kwamba waliuziwa kwa bei ya shaba. Huo ugomvi mmalizane huko huko.

Zaidi linanisumbua tuta la nyuma ya shabaha. Watoto wanachimba vichwa vya risasi na kuyeyusha madini yake ya risasi (lead) kwenye sufuria kutengeneza vizito vya nyavu. Madini hayo huyeyuka kwa nyuzi 327, moto wa jikoni unatosha, na vumbi na moshi wake ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Sufuria hiyo hiyo jioni inapika dagaa. Wazazi wa maeneo yanayopakana na viwanja hivi, zuieni.

Mwenye yadi anayetaka kununua kihalali adai mambo mawili: barua ya taasisi inayouza, yenye uzito na tarehe, na maganda yaliyokaguliwa na kupondwa ili yasiweze kutumika tena. Vibali vyako vya kawaida vya kukusanya na kusafirisha chuma chakavu kutoka mamlaka ya mazingira vibaki pale pale; havigeuki kibali cha risasi. Aliyeona ganda au risasi, ufukweni au mlimani, apeleke taarifa polisi au serikali ya mtaa bila kuigusa.

Wale ambao mizigo yao bado imezuiliwa waje wenyewe na vibali, daftari la manunuzi na jina la aliyewauzia. Msitume dalali.