Windows 7 mwaka huu: kompyuta ipi uitunze, na ipi uitoe kwenye intaneti

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta zenye Windows 7 huniomba jambo moja kabla hata ya kunieleza ugonjwa: "Fundi, usiniondolee hii Windows, nimeizoea." Nawaelewa. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, baada ya Vista iliyochosha watu kwa uzito wake, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoendesha maduka ya steshenari, ofisi za mawakala na shule. Hata leo mashine yenye RAM ya GB 2 inaiendesha bila kulalamika.

Lakini Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Kampuni zilizolipia muda wa ziada ziliendelea kupata mpaka Januari 2023, kisha mlango ukafungwa. Kwa hiyo tundu lolote linalogunduliwa sasa ndani ya mfumo huu linabaki wazi. Ndiyo maana mimi sianzi kwa kuuliza kama Windows 7 ni nzuri. Nauliza kompyuta hii inafanya kazi gani. Kama inaendesha mashine ya kudarizi, plota ya kukata stika au printa ya zamani ya mlango wa LPT (tundu pana la waya wa printa za kale), na haigusi intaneti, nitaitunza kwa moyo wote. Kama ndiyo hiyo hiyo mtu anaingilia akaunti ya benki na barua pepe za ofisi, nitamshauri tuiondoe, hata kama bado inawaka vizuri.

Tuanze na ile ya kutunzwa.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya kusafisha wala kubadilisha chochote, ni kuchukua nakala ya mfumo mzima. Windows 7 ina chombo chake chenyewe: Control Panel, kisha Backup and Restore, kisha Create a system image. Chomeka diski ya nje na uiache ifanye kazi. Kwenye kompyuta ya mashine ya kudarizi nakala hii ina thamani kuliko kompyuta yenyewe, kwa sababu ile CD ya programu iliyokuja na mashine imeshapotea, na draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na mashine, huenda haipatikani tena popote. Kompyuta ya aina hiyo utaipata dukani kesho, lakini ile programu ukiipoteza imekwenda.

Baada ya hapo, ukitaka kuiongezea kasi, fedha yako iweke kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hakuna marekebisho ya mipangilio yanayoweza kushindana na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, na Windows 7 inaijua SSD: amri ya TRIM, inayoiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa, imo ndani. Ukitaka kuhakikisha, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Ikijibu 0, TRIM inafanya kazi.

Kuna mtego hapa unaowaangusha mafundi wengi vijana. Kompyuta nyingi za zamani BIOS yake (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows) imepangwa diski zisomwe kwa mtindo wa kale wa IDE. Fundi anahamishia mfumo kwenye SSD, anasoma mahali kwamba AHCI, mtindo mpya zaidi, ni bora, anaingia kwenye BIOS na kubadilisha, kisha anakutana na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Anadhani SSD ni mbovu. SSD ni nzima. Kilichotokea ni kwamba wakati Windows ilipowekwa iliona IDE tu, ikaizima draiva ya AHCI isipakiwe wakati wa kuwaka, na sasa inatafuta diski yake haioni. Rudisha BIOS kwenye IDE, Windows itawaka kama kawaida. Fungua regedit, kihariri cha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci, badilisha thamani ya Start kutoka 3 iwe 0. Zima kompyuta, ingia BIOS, weka AHCI, washa. Windows itaipakia draiva hiyo yenyewe na kukuomba uiwashe upya.

RAM nayo ina hesabu yake. Windows 7 ya biti 32 haitatumia zaidi ya GB 4, na mara nyingi utaona GB 3 na kitu tu, kwa hiyo usimuuzie mteja GB 8 kabla ya kuangalia aina ya mfumo. Lakini pia usikimbilie kuweka ya biti 64. Programu za kale kabisa, zile za biti 16 zilizoandikwa enzi za DOS na Windows 3.1, zinafunguka kwenye biti 32 peke yake. Nimeona maduka ambayo hesabu zote za stoo ziko ndani ya programu ya namna hiyo.

Upande wa muonekano sina mengi. Toleo la Starter, lililokuja na laptopu ndogo, halikuruhusu hata kubadilisha picha ya nyuma. Matoleo mengine yanakupa uhuru wa kutosha. Mashine ikiwa dhaifu, bonyeza kulia kwenye Computer, chagua Properties, Advanced system settings, kisha kwenye Performance chagua Adjust for best performance, halafu rudisha alama kwenye kulainisha kingo za herufi ili macho yasiumie. Kuna hata kifurushi cha Kiswahili cha Microsoft kinachobadilisha menyu, nacho hukaa juu ya Windows ya Kiingereza. Mapambo ninayoyakataa ni mawili. La kwanza ni zile gajeti za pembeni, saa na hali ya hewa: Julai 2012 Microsoft yenyewe iliwashauri watu wazizime kwa sababu za usalama. La pili ni mandhari za kupakua zinazodai ubadilishe faili la uxtheme.dll. Unampa mtu usiyemjua ruhusa ya kugusa moyo wa mfumo kwa ajili ya rangi.

Na tafadhali, achaneni na ule ushauri unaozunguka wa kufungua msconfig, kwenda Boot, Advanced options, na kuchagua idadi ya prosesa "ili kompyuta iwe na kasi". Windows hutumia prosesa zote bila kuambiwa. Kisanduku kile kipo ili kuzipunguza wakati wa majaribio. Cha Maximum memory ni vile vile: ukikosea namba, unajinyang'anya RAM uliyoinunua. Kwenye msconfig nenda kwenye Startup, ondoa alama kwenye vitu visivyohitajika, funga.

Sasa matatizo, na hapa ndipo muda wangu mwingi unakwenda.

Mteja akisema "tovuti zote zinakataa, zinasema muunganisho si salama", macho yangu yanakwenda kwenye saa pembeni mwa skrini. Ikionyesha mwaka 2009 au 2012, tumemaliza nusu ya kazi. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009 inaviona vyote kama havijaanza kutumika. Chanzo ni ile betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, CR2032, iliyokwisha nguvu. Ni kitu cha bei ndogo, na nimeona watu wakiwekewa Windows mpya mara mbili kwa tatizo la betri.

Barua pepe zinazogoma kwenye Outlook ya zamani ni jambo jingine. Windows 7 inaifahamu TLS 1.2, njia ya kusimba mawasiliano na seva, lakini kwa programu nyingi haiitumii mpaka uiwezeshe, na seva za leo hazikubali tena matoleo ya chini. Sasisho KB3140245 pamoja na thamani ya DefaultSecureProtocols kwenye rejista ndivyo vinavyofungua njia.

Halafu kuna yule aliyeweka Windows 7 upya kutoka DVD yake ya zamani, akabonyeza Windows Update, akapata kosa 80072EFE. Masasisho ya Microsoft sasa yanasainiwa kwa SHA-2, aina mpya ya muhuri wa kidijitali, wakati Windows 7 ilipotoka ilizoea SHA-1. Yaani mfumo mpya kutoka kwenye DVD hauwezi kuusoma muhuri wa masasisho unayoyahitaji ili ujifunze kuusoma muhuri huo. Dawa ni kuyapakua kwa mkono kutoka Microsoft Update Catalog kwa kutumia kompyuta nyingine: hakikisha Service Pack 1 ipo, kisha KB4490628, kisha KB4474419. Na masasisho yakivunjika katikati, msitafute amri ya DISM ya RestoreHealth mnayoisoma kwenye maelekezo ya Windows 10; Windows 7 haina. Mbadala wake ni chombo kilichotolewa kama KB947821, na majibu yake yanaandikwa kwenye faili la CheckSUR.log ndani ya C:\Windows\Logs\CBS.

Kukatika kwa umeme kunaua Windows nyingi huku kwetu kuliko virusi. Umeme ukikatika wakati rejista inaandikwa, asubuhi unapata ujumbe unaotaja \Windows\System32\config\system, na kompyuta haiendelei. Wengi hapo wanafomati. Kabla ya kufomati, fahamu kwamba Windows 7 huweka nakala ya rejista yake kila baada ya siku kadhaa kwenye folda ya RegBack, ndani ya hiyo config. Bonyeza F8 wakati wa kuwasha, chagua Repair Your Computer, fungua Command Prompt. Angalia kwanza diski ya Windows imepewa herufi gani, maana humo ndani mara nyingi inakuwa D, kwa kuwa kile kipande kidogo cha System Reserved kimechukua C. Hakikisha mafaili ya RegBack hayana ukubwa wa 0, badilisha majina ya mafaili mabovu, kisha nakili yale mazima mahali pake. Mara nyingi mashine inaamka na programu zake zote.

Kuhusu flashi ambazo folda zote zimegeuka shotikati: kazi zako zimo, zimefichwa tu. Usifomati. Windows 7 haiendeshi chochote yenyewe kutoka kwenye flashi, kwa hiyo mdudu huyu anategemea wewe ubofye ile folda yenye kishale kidogo kwenye pembe. Kwenye Task Manager simamisha wscript.exe, inayoendesha skripti ya mdudu huyu, ondoa kilichojipachika kwenye Startup, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Folda zitarudi, na zile shotikati unazifuta kwa mkono.

Yote hayo yanatibika. Lisilotibika ni lile nililolitaja mwanzo, tundu lisilozibwa, na mfano wake mkubwa ni WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lile, lililokuwa kwenye SMB1 (njia ya kale ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao), tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilianza tarehe 12 Mei 2017, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kwa mujibu wa kampuni ya antivirusi ya Kaspersky, karibu asilimia 98 ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7. Hizo ni kompyuta ambazo kiraka chake kilikuwepo kwa karibu miezi miwili, na wenyewe hawakuwa wamekiweka. Leo tundu la aina ile likigunduliwa kwenye Windows 7, hakuna kiraka cha kusubiri. Antivirusi inasaidia kumtambua mwizi anayejulikana, lakini haizibi ukuta.

Kwa hiyo ninaposema "itoe kwenye intaneti" simaanishi kuacha kufungua kivinjari tu. WannaCry ilisambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa ofisi bila mtu kubofya kitu. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi kwenye Device Manager. Kama ni lazima mashine ibaki kwenye mtandao wa ndani, zima SMB1. Windows 7 haiihitaji ili kushirikiana mafaili na Windows 10, kwa sababu ina SMB2. XP ndiyo isiyoweza bila SMB1, na ndiyo maana XP kwenye mtandao wa ofisi siikubali kabisa.

Vivinjari navyo vimeshaondoka. Chrome iliishia toleo la 109. Toleo la 110, la Februari 2023, linahitaji Windows 10. Firefox iliishia tawi la ESR 115, lile la masasisho ya muda mrefu. Na nakala zilizoamshwa kwa vile vijiprogramu vya kuvunja leseni siziongelei sana: kijiprogramu kinachojipachika kabla Windows haijawaka kinaweza kufanya lolote, na aliyekitengeneza humjui.

Basi kompyuta inayolazimika kuingia intaneti tuifanyeje? Kuihamishia Windows 10 hakukufikishi mbali, kwani nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa Core 2 Duo au Core i3 za mwanzo zenye GB 4, ninachoweka ni SSD na Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, wenye sura nyepesi ya Xfce, pamoja na LibreOffice na Firefox mpya. Mtu wa barua, tovuti na kuandika nyaraka anazoea. Asiyeweza kuachana na programu moja ya Windows namwekea Windows 7 ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, kadi ya mtandao ikiwa imezimwa. Kwa plota na mashine zinazotumia LPT njia hii mara nyingi haifai, hizo zibaki na kompyuta yao.

Siku ya kuhama, usinakili Documents peke yake. Tafuta mafaili ya .pst ya Outlook yenye barua pepe, angalia folda zilizo nje kabisa kwenye C na D ambako programu za hesabu za zamani hupenda kuweka data, chukua na AppData, folda iliyofichwa yenye mipangilio ya programu. Diski ya zamani itoe, iandike jina la mteja na tarehe, umkabidhi mwenyewe akae nayo mpaka afunge hesabu za mwezi kwenye mashine mpya.