Behewa Likiacha Reli, Usikimbilie Chubwi

Mteja wa wiki iliyopita alikuwa wa nne tangu mwezi uanze. Aliniamkia, akavuta kigoda, akafungua boksi la viatu lililotandikwa pamba, akatoa behewa la mizigo la HO, kile kipimo cha reli ndogo za mezani, aliloliunga mwenyewe kutoka kwenye seti ya vipande. Kwa macho, kazi safi: ngazi zimesimama wima, mlango umekaa sawa, rangi haijachuruzika. "Fundi, linaacha reli kila kona. Naona ni jepesi, nitilie chuma." Nikalipokea, mkono ukashuka. Ndani alishatia nati sita na chubwi mbili za nyavu. Nikalipandisha mizanini: gramu 214. Behewa la sentimita 15!

Nimechoka kulijibu hili mezani, mtu mmoja mmoja. Leo naliandika, atakayekuja nitampa asome huku nachemsha chai.

"Behewa linaloacha reli ni jepesi, liongezee uzito"

Sijui imani hii ilianzia wapi. Labda kwa kutazama mabehewa ya kweli pale bandari ya Mwanza Kusini, tani kwa tani za chuma zilizotulia. Labda ni kuishi na wavuvi: huku kwetu kinachoelea kinatiwa chubwi, mjadala umeisha. Na ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Behewa jepesi mno kweli huruka. Ila uzito una kiasi chake, na kiasi hicho kinajulikana. NMRA, chama cha Marekani cha waundaji wa reli ndogo, kina kipimo kinachotumika miaka mingi: kwa HO anza na aunsi moja, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa bodi. Kwa vipimo vyetu ni gramu 28, halafu gramu 5.6 hivi kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 15 linataka gramu 112. La mteja wangu lilikaribia mara mbili.

Ukizidisha unalipa. Injini iliyokuwa ikivuta mabehewa kumi itaanza kuzungusha magurudumu bure kwenye mlima. Ncha za ekseli zitapekecha matundu ya plastiki hadi yawe mapana, na hapo gurudumu linacheza kama jino bovu. Ukiwa umebandika chuma juu, chini ya paa, behewa litayumba kama mwanamke aliyejitwisha ndoo bila kata. Lililo baya zaidi ni kuchanganya: behewa moja jepesi likiwa katikati ya mazito, treni ikiingia kona, kamba inanyooka na lile jepesi linavutwa upande wa ndani hadi linalala. Mwenyewe analiona limeanguka, anasema "si nilisema ni jepesi?" Kumbe aliyeliangusha ni yeye, siku alipoyajaza nati yale mengine.

Ndiyo maana kabla ya mizani nauliza swali moja tu: linaacha reli wapi? Kama ni mahali pamoja kila mara, na mabehewa mengine yanateleza hapohapo, nenda kakague reli, behewa liache. Kama linaanguka popote, peke yake, hapo ndipo ninapoligeuza miguu juu. (Wengi hapa mjini wakisema "bogi" wanamaanisha behewa zima. Mimi nikisema bogi nataja kile kigari cha ekseli mbili kinachokaa chini.)

Naanza na magurudumu. Natumia venia, kile kipimio cha taya mbili, kupima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO iwe milimita 14.4 hivi. Ekseli nyingi zinazokuja ndani ya seti, gurudumu moja limesukumwa zaidi ya mwenzake, na macho hayaoni nusu milimita. Njia panda ya reli inaiona. Shika gurudumu kila mkono, zungusha huku unavuta au unasukuma, pima tena. Dakika moja, bila gundi, bila chuma.

Halafu kioo. Kila anayeunga mabehewa awe na kipande cha kioo cha dirisha mezani. Nimewashauri watu wanunue kioo kabla ya kununua seti ya pili, na waliokubali ni wachache. Weka behewa juu ya kioo, gusa pembe moja kwa kidole. Likitikisika, chasi imepinda au gurudumu moja linaning'inia. Behewa la ekseli mbili zisizo na bogi lazima liungwe juu ya kioo tangu mwanzo, magurudumu yakiwa ndani, uzito kidogo juu yake, na uliache hadi kesho. Ukilikaushia mkononi, litakauka na umbo la mkono wako.

Sasa skrubu za bogi, na hapa ndipo walipofia wateja wangu wote wanne. Mtu akimaliza kuunga anakaza skrubu zote mbili mpaka mwisho kwa sababu kwake kulegea ni ubovu. Behewa linakuwa ubao mmoja. Reli ikipanda upande mmoja hata kwa unene wa karatasi, gurudumu moja linabaki hewani, na gurudumu lililo hewani halina wa kulielekeza. Fikiria mafiga. Mama yako hakuweka mawe manne chini ya chungu. Aliweka matatu, na chungu kilitulia hata pale ambapo ardhi ilikuwa na mabonde. Behewa nalo linataka mafiga matatu. Skrubu ya bogi moja ikaze hadi bogi isiyumbe kushoto na kulia lakini bado izunguke yenyewe. Hilo ni figa la kwanza na la pili. Skrubu ya bogi ya pili ilegeze nusu mzunguko, icheze kila upande. Hilo ni la tatu.

Mwisho natazama kapla, vile viungio vya kushikanisha mabehewa: ziwe kimo kimoja, na kile kiwaya kinachoning'inia chini yake kisikwaruze reli.

Lile behewa la gramu 214 nililitoa nati zote na chubwi zote, nikabandika vibapa viwili vya chuma sakafuni, juu ya bogi, hadi mizani ikasoma 113. Nikalegeza skrubu moja. Lilizunguka meza yangu mpaka chai ikapoa. Mwenyewe alitazama kimya, kisha akaniambia, "Fundi, hiyo chubwi moja si ungeirudisha tu, kwa usalama?"

Na kwa kuwa tumezitaja chubwi. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea behewa lililofunikwa, kuta zimetutumka kama shavu la mwenye jino. Mshono wa pembeni ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini na kwenye ufa kulikuwa na unga mweupe mfano wa unga wa muhogo. Alifikiri ni jua. Nikafumua paa. Alikuwa amekata chubwi za risasi alizozipata mwaloni Kirumba, akazimwaga ndani na kuzizamisha kwenye gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile hutoa asidi kidogo kidogo, na ndani ya behewa lililofungwa haina pa kutokea. Asidi, unyevu na hewa vinaila risasi na kuigeuza kuwa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Polepole unasukuma, na plastiki ya milimita moja haina nguvu ya kubisha. Zaidi ya hapo, unga ule ni sumu. Nililifunga behewa kwenye mfuko, nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikamwambia asimruhusu mdogo wake aliguse. Tumia chuma. Kama huna budi kutumia risasi, ishike kwa epoksi ya mirija miwili, usiikate ndani ya nyumba wanamocheza watoto, na gundi ya mbao iache kwa seremala.

"Gundi nyingi ndiyo uimara"

Hapana. Gundi ya plastiki haibandiki, inayeyusha. Nyuso mbili zinalainika, zinaingiana, kiyeyushi kinatoka, zinabaki kitu kimoja. Kwa hiyo tone moja linaloingia lenyewe kwenye mshono linatosha. Ukimimina, kiyeyushi kinabaki ndani, plastiki inabaki laini kwa siku kadhaa na ukuta unabonyea pale ulipotaka unyooke. Nikiona alama ya kidole imeganda kwenye ukuta wa behewa najua chupa ilikwenda nusu.

"Supagluu inakamata kila kitu"

Inakamata, na inaharibu. Supagluu inagandishwa na unyevu wa hewani, na sisi tuko kando ya ziwa, unyevu tunao wa kugawa. Ukiitumia kwa wingi mahali pasipo hewa, mvuke wake unatua juu ya rangi na vioo kama ukungu mweupe. Itunze kwa vipande vya shaba na waya za vishikio, iguse kwa ncha ya sindano. Vioo vya dirisha vibandike kwa ile gundi nyeupe niliyoitukana hapo juu. Huko ndiko kwenye kazi yake, inakauka ikiwa angavu.

"Plastiki mpya ni safi, piga rangi"

Sio safi. Ina mafuta ya kalibu kiwandani na ina mafuta ya vidole vyako. Fremu nzima yenye vipande iingie kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, isuguliwe kwa mswaki wa zamani, ikauke. Nimeona rangi ikitoka na tepu ya karatasi kama ganda la kitunguu, na mwenyewe anamlaumu muuza rangi. Na msipulizie rangi siku ya mvua, inakuwa na weupeweupe. Mimi napuliza saa nne asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kutembea na vumbi. Usiku sipulizi kabisa: vijidudu vya ziwani vinafuata taa, na kimoja kikishatua kwenye vanishi mbichi, hicho ni abiria wa kudumu.

"Nataka behewa la reli yetu ya zamani, kwa hiyo nimenunua la HO"

Hili linaniumiza kidogo kwa sababu linatoka kwa watu wenye nia nzuri. HO ni moja kwa 87 na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha: unapata milimita 1435, yaani upana wa SGR. Reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 ni ya mita moja, milimita 1000. Gawa kwa 87, unapata 11.5. Wanaounda reli za mita moja kwa kipimo hicho hutumia reli ya milimita 12, na seti zake huuzwa kwa jina la HOm. Kwa hiyo ukichukua bodi ya HO ukaipaka rangi ya behewa letu na kuiacha juu ya magurudumu yale yale, umeunda behewa la reli ya kati lililotanua miguu. TAZARA nayo ni 1067, ni habari nyingine kabisa.

Kuna mzee aliyekuja na ndoto ya kuunda MV Umoja, ile meli ya Ziwa Victoria, ikiwa na mabehewa juu ya sitaha yake, kama inavyoyavusha kwenda Port Bell, Uganda. Ndoto nzuri, nimemwahidi kumsaidia. Ila alishanunua mabehewa manane ya 16.5. Tumeketi siku mbili tukijadili kama tubadilishe bogi zote au tumwambie mkewe ukweli.

Asije mtu akanisuta kwamba hata Waingereza wanakosea. Wanakosea, najua. OO, kipimo chao cha reli ndogo, ni moja kwa 76.2 juu ya reli ile ile ya 16.5, ukizidisha unapata milimita 1257, nyembamba kuliko reli yao halisi. Wamekosea wakijua, na wamezoea.

"Kutu zaidi, uhalisia zaidi"

Nenda kasimame pale unapoweza kuona mabehewa ya mizigo yakipita, tazama dakika kumi. Kutu haikai kila mahali. Inaanzia pale rangi ilipochubuka: ukingo wa mlango, chini ya boliti, kona iliyogongwa, kisha inashuka mstari mwembamba kufuata maji ya mvua. Chini kwenye bogi rangi yake ni vumbi la breki lililochanganyika na udongo, kahawia iliyokufa, haina uchungwa. Behewa la mafuta linachafuka katikati, chini ya kifuniko, pale yanapomwagikia. Behewa la wazi ndani yake limechubuliwa na mizigo kuliko nje.

Mimi natumia chaki ya kahawia iliyosagwa kwenye msasa na brashi kavu, navuta kutoka juu kwenda chini tu, upande ambao mvua inashukia. Nikimaliza naligeuza behewa na kuliangalia tena juu ya kioo, maana vumbi la chaki likiingia kwenye matundu ya ekseli gurudumu linagoma, na kesho yake mtu atakuja kuniambia ni jepesi.