Ratiba ya Mtoto wa Miaka Mitatu Hadi Mitano Huanzia Usiku

Mzazi anayekuja kwetu kuuliza habari za ratiba ya mtoto, mara nyingi anakuwa ameshaiandika. Ameiona kwenye simu, akaichapisha, akaibandika kwenye friji: saa 1:00 kuamka, saa 1:15 kupiga mswaki, saa 1:30 kunywa chai, na kuendelea hivyo hadi jioni, kila robo saa na jambo lake. Wiki ya kwanza inafuatwa. Wiki ya pili karatasi imeloa, imechanika pembeni, na hakuna anayeitazama. Zinabaki lawama: dada wa kazi mzembe, mtoto mkorofi.

Dada wa watu hana kosa, wala mtoto. Mtoto wa miaka minne hajui saa. "Jana" na "kesho" zenyewe bado anazichanganya. Anachokijua ni kwamba hiki kikiisha kinakuja kile: tukishakula tunanawa, tukishaoga tunavaa, tukipanda kitandani tunapigiwa hadithi. Ratiba inayomfaa imejengwa kwa mfuatano wa namna hiyo. Saa ibaki kuwa kazi ya mtu mzima, tena kwa mambo machache tu: kulala usiku, kuamka, milo, na usingizi wa mchana kwa anayelala bado. Hayo yakitulia, mengine yakisogea nusu saa huku au kule hayaharibu kitu.

Wengi huanza kurekebisha asubuhi, kwa kuwa ndiko kwenye kelele: mtoto hataki kuamka, hataki uji, viatu havionekani, gari la shule linapiga honi nje. Lakini asubuhi hiyo iliharibika tangu jana yake usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na wa mchana, na saa zake za kulala na kuamka zisiwe za kubadilikabadilika. Piga hesabu ya nyumbani kwako. Kama anaamshwa saa 12 asubuhi na mchana halali, basi ili apate hizo saa 10 za chini kabisa, inabidi saa 2 usiku awe tayari amelala.

Sasa ingia nyumba nyingi za Dar es Salaam saa 2 usiku. Baba bado yuko kwenye foleni, mboga ndiyo kwanza inaungwa, televisheni inafungua taarifa ya habari. Baada ya habari ni tamthilia. Mtoto anakuja kusinzia kwenye kochi saa 4, anabebwa na nguo zake za kushindia. Huyo atapata saa 8. Kesho yake anamng'ata mwenzake darasani, na mwalimu anaandika kwenye daftari kwamba mtoto ni msumbufu.

Mtoto mdogo aliyekosa usingizi hafanani na mtu mzima aliyekosa usingizi. Sisi tunapooza, yeye anachachamaa. Anarukaruka, haambiliki, analia kwa sababu ndizi imekatika vipande viwili. Wazazi hutuambia, "Huyu hana usingizi kabisa, saa 4 usiku anakimbia ndani." Mara nyingi anakimbia hivyo kwa sababu amechoka kupita kiasi.

Katika hili jiografia iko upande wetu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Wazazi wa Ulaya ya kaskazini, majira ya joto, wanahangaika kulaza watoto jua likiwa bado linawaka. Giza likiingia, ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Taa kali, televisheni na simu iliyoshikwa karibu na uso huichelewesha, na macho ya mtoto hupitisha mwanga mwingi kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo magharibi ndiyo mpaka mzuri wa siku yake. Wazee wetu waliwaita watoto ndani adhana ya magharibi ikilia, na sioni sababu ya kuiacha desturi hiyo, hata kwa familia isiyo ya Kiislamu.

Kuanzia hapo mambo yafuatane bila kubadilishana nafasi: kuoga, kula, mswaki, kukojoa, kitandani. Ukipenda kula kutangulie kuoga, sawa, ilimradi kesho na keshokutwa iwe vivyo hivyo. Mswaki wa usiku ndio unaorukwa zaidi, nao ndio wenye faida zaidi, kwa kuwa mate hupungua mtu akilala na meno yanakosa wa kuyasafisha. Dawa ya meno itoshe punje ya njegere, na mtu mzima amalizie kumswakia, maana mkono wake mwenyewe haujafikia meno ya nyuma. Kisha chandarua kinachomekwa chini ya godoro. Katika nyumba nyingi nilizotembelea chandarua kimekuwa ishara nzuri kuliko saa ya ukutani: kikishachomekwa, hakuna kutoka tena kudai maji.

Ndani ya chandarua ni hadithi. Paukwa, pakawa, na sungura amdanganye fisi kwa mara nyingine. Usihangaike kutafuta hadithi mpya kila siku. Mtoto akitaka ile ile wiki nzima, mpe. Kule kurudiarudia kunamtuliza, na ndiko anakookota maneno. Siku ukikosea sehemu atakusahihisha, na hapo ujue ameshaishika.

Hapa huwa napata swali kutoka kwa akina mama, wakati mwingine kwa akina baba wenyewe: mtoto akilala saa 2, baba yake atamwona lini? Swali ni la haki, na jibu langu huwa haliwafurahishi wote. Amwone asubuhi. Baba amwamshe, amvalishe sare, amfunge viatu, amsindikize hadi barabarani. Robo saa hiyo ya kila siku ni mali kuliko saa nzima ya usiku mbele ya televisheni. Baba anayefika saa 3 akamwamsha mtoto ili ampe biskuti anampenda mwanawe, sibishi, ila anaivunja kazi ya jioni nzima, na kesho si yeye atakayebaki na mtoto huyo.

Kwa mtoto aliyezoea kulala saa 4, usimvute ghafla. Rudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili au tatu, na mwamshe saa ile ile hata Jumamosi. Siku za mwanzo atalia. Ukikubali siku moja na kukataa siku nyingine, unamfundisha kwamba kulia kunalipa, na atazidi kujaribu.

Usiku ukikaa sawa, mchana hauhitaji ulinzi mkali. Asubuhi mpe uji kabla ya chai, au badala yake. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye chakula hicho, na watoto wa umri huu wanayahitaji sana. Baada ya kula akae kwenye poti au chooni dakika chache, hata kama hajabanwa, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mkubwa nao huamka. Watoto wengi wanaolalamika tumbo ni wale wanaokimbizwa kwenye gari kabla utumbo haujapata nafasi. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo milo mitatu iongezewe kitu cha katikati mara mbili: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, karanga zilizopondwa. Soda na aiskrimu za barafu za dirishani zikipita saa 5, usishangae ugali ukikataliwa saa 7.

Mwongozo ule ule wa 2019 unataka mtoto wa miaka 3 na 4 awe katika mwendo kwa dakika 180 kwa siku, angalau 60 kati yake ziwe za kuhema hasa. Dakika hizo hazihitaji bustani. Kombolela uwani, kuruka kamba, kumpelekea bibi kikombe, kwenda dukani umeshikwa mkono, vyote vinahesabika. Vivyo hivyo kazi ndogo za nyumbani, ambazo kwa umri huu bado anaziona ni mchezo: kuchambua mchele, kupanga viatu mlangoni, kukunja vitambaa, kumwagilia mchicha. Atamwaga nusu ya mchele. Mpe sinia kubwa.

Televisheni isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Binafsi ningeiweka mchana dada anapopika, muda ambao mtoto akiwa jikoni ni hatari ya moto na maji ya moto. Usiku na wakati wa kula izimwe. Anayelala mchana alale, lakini awe ameamka kabla ya saa 10 alasiri, la sivyo usiku utakuwa mrefu kwenu nyote. Wengi wanaacha wenyewe wakikaribia miaka mitano. Asiyetaka asilazimishwe, apumzike tu na vitabu vyake.

Mahali ambapo ratiba huvunjika kila siku ni pale mtoto anapotolewa kwenye kitu anachokipenda. "Dakika tano zimebaki" haimwambii chochote. Temeke nilimkuta bibi mmoja anayelea mjukuu wa miaka minne. Mtoto alikuwa anachota maji kwa kopo na kuyamwaga kwenye mchanga, amezama kabisa. Bibi hakumwita kutoka mlangoni. Alimfuata, akachuchumaa pembeni yake.

"Mume wangu, makopo mangapi yamebaki?"

"Mengi."

"Mengi hapana. Mwaga mawili, la tatu unimwagie mimi miguuni, halafu tukaoge."

Akamwaga mawili, la tatu akammwagia bibi miguuni huku anacheka, wakaenda. Bibi alimpa kipimo anachokiona kwa macho, akampa na jambo la kufungia mchezo. Mwenye haraka anaweza kusema hana muda wa kuchuchumaa. Lakini kumburuta mtoto anayelia hadi bafuni kunachukua muda zaidi, na majirani wote wanajua.

Ratiba iwekwe na anayeshinda na mtoto. Kama ni dada, keti naye, muulize saa ngapi mtoto huwa na njaa, saa ngapi huwa mkali, kisha mpange pamoja. Na umpunguzie kazi nyingine: huwezi kumtaka msichana mmoja afue, apike, aoshe vyombo, halafu umuulize mbona hakumsimulia mtoto hadithi. Chaneni boksi, mchore picha tano au sita kwa mpangilio: bakuli, mswaki, mpira, kitanda. Msiandike maneno. Litundikwe usawa wa macho ya mtoto, na kibanio cha nguo akisogeze yeye mwenyewe kutoka picha moja hadi nyingine. Kibanio kile kitamwamuru kuliko sauti ya mtu yeyote ndani ya nyumba.

Kutakuwa na siku za kuvurugika: msiba, wageni, umeme kukatika, homa. Ramadhani nyumba nzima hubadili saa, na mtoto asiyefunga bado anahitaji chakula chake cha mchana na kulala mapema, hata kama futari imechangamka. Siku kama hizo shikilia ule mfuatano wa kulala peke yake na uache mengine yapite.

Mkishafuata haya kwa wiki nne hivi na mtoto bado anaamka amechoka, sikiliza usingizi wake. Anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, au anayekata pumzi kidogo kisha kushtuka, huenda ana nyama za pua au mafindofindo makubwa, na hilo halitatuliwi na ratiba. Mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa ya kuonana na daktari wa pua, masikio na koo. Ukiweza, mrekodi kwa simu akiwa amelala na uende na video hiyo, kwa sababu akifika kwa daktari atakuwa macho na hataonyesha dalili hata moja.