Je, kiumbe asiye na macho anaishije mita 1,980 chini ya ardhi?

Pango la Krubera limo katika milima ya mawe ya chokaa ya Arabika, Abkhazia, karibu na Bahari Nyeusi. Msafara wa mwaka 2010 ulinasa humo viumbe wadogo hadi kina cha mita 1,980. Mmoja wao, Plutomurus ortobalaganensis, alielezwa kisayansi mwaka 2012. Wakati huo hakuna mnyama wa nchi kavu aliyekuwa amepatikana chini zaidi yake, naye ni mfupi kuliko punje ya mchele!

Ana miguu sita, lakini si mdudu hasa. Ni wa kundi la kolembola. Mtazame kinywa: taya za mdudu huonekana nje, za kolembola zimezama ndani ya mfuko kichwani. Hana mabawa, na fumbatio lina pingili sita tu. Chini ya pingili ya kwanza kuna mrija mfupi wa kufyonza maji. Pingili ya nne imebeba uma uliokunjwa kuelekea mbele, ukishikwa na kibanio kilicho pingili ya tatu. Kibanio kikiachia, uma hupiga chini kwa nguvu na mwenyewe hurushwa hewani.

Macho hana, na gizani humo yangemfaa nini? Hutafuta njia kwa vipapasio vyake virefu, vinavyogusa na kunusa.

Chakula hutoka juu. Mimea haioti bila mwanga, ila maji ya mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya nyufani yakibeba vipande vya majani na udongo. Kuvu na bakteria huota juu ya mabaki hayo, naye hula hapo. Chakula ni haba na baridi ni kali, kati ya nyuzi 0.5 na 5 hivi za Selsiasi, lakini unyevu ni tele. Huo unyevu ndio uhai wake, kwani ngozi ya kolembola ni nyembamba na hewa kavu huwaua upesi.

Kwa hiyo kuwakusanya kunataka mkono mwepesi. Koleo dogo la kushikia huwaponda, tumia brashi laini iliyochovywa kwenye alkoholi, kisha uwatie katika kichupa cha alkoholi ya asilimia 70 au zaidi. Ngozi yao haishiki maji, hivyo wengine huelea juu, na usipowazamisha kwa ncha ya brashi huharibika. Vinyweleo vikipukutika, kazi imeharibika: spishi hutambuliwa kwa hadubini, kwa kuhesabu vinyweleo na meno madogo ya kucha.