Kipima mwanga cha mkononi: yanayosemwa na yalivyo

"Kinaelekezwa kwa anayepigwa picha."
Hapa ndipo wengi wanapoanza kukosea. Kile kikuba cheupe, mfano wa nusu ya mpira wa tenisi ya meza, hupima mwanga unaomwangukia mtu. Simama alipo bibi harusi, kishike chini ya kidevu chake, kikuba kitazame lenzi. Angalia usikitie kivuli chako mwenyewe.

"Kupima kwenye nguo ni yale yale."
Wapi! Ukipima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, kifaa hudhani kitu hicho ni cha kijivu cha kati. Chukua maharusi waliosimama kivulini mchana wa jua, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/125 (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde). Kikuba kitasema f/5.6 hivi, yaani ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua. Pima shela peke yake, utaambiwa f/11, na shela itatoka imefifia kama iliyofuliwa kwa maji ya tope. Pima suti nyeusi ya bwana harusi, utaambiwa karibu f/2.8: suti inapauka, shela inaungua, nakshi zote hazionekani tena. Uso mweusi nao ukipimwa hivyo huomba mwanga wa ziada, mara nyingi kama stopu moja (yaani mwanga mara mbili), kisha unatoka umepauka. Wenye ngozi hiyo hawapendi, na wana haki.

"Kwa mandhari ya mbali hakifai."
Kinafaa, ilimradi wewe na mandhari mko kwenye mwanga mmoja. Mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani Mwanza, unawaka jua na wewe uko chini ya mwembe? Toka juani, upe mwamba mgongo, kikuba kitazame upande kamera ilipo.

Machweo ni habari nyingine. Mwanza jua huzama upande wa ziwa, mbele ya lenzi, na kikuba hakina la kusema kuhusu anga hilo. Tumia kipima cha nukta, kile kinachopima kipande kidogo tu, cha pembe ya nyuzi 1, ulenge anga pembeni mwa jua. Mitumbwi itatoka nyeusi tii.

"Namba ikishatoka, imetoka."
Kifaa hakijui umefunga nini kwenye lenzi. Kichujio cha polaraizi, cha kukata mng'aro wa maji, hula stopu 1.5 hadi 2. Kikila 2, f/11 inakuwa f/5.6. Tazama na ISO: kipima kikibaki 400 na kamera iko 100, picha inatoka giza kwa stopu mbili.

"Kamera za kisasa zimekiua."
Fleshi za studio zinazowekwa kwa mkono, kamera haizipimi kabla hujapiga. Kipima kikiwekwa kwenye hali ya fleshi huudaka mmweko wenyewe.